Spiriti ya Alhamisi

Kiandutu, Thika
Jumapili, 2 Juni 1996

Mama Safaa,

Assalamu alaikum. Barua yako nimeipata Ijumaa kwa mkono wa Farouk, pamoja na unga wa wimbi. Mimi mzima.

Nimeisoma mara tatu nihakikishe kwamba ni Safaa wetu anayeposwa. Juzi tu alikuwa anakojolea mkeka wa msikiti. Lakini kama yeye mwenyewe amemkubali Kassim, mimi sina neno. Baba yake, Mzee Opati, ni mtu mzuri. Mikate ya bekari yake ina hewa nyingi, lakini mtu mwenyewe ni mzuri.

Ijumaa 26 Julai, kabla ya Maulidi, nitakuwapo Mumias. Mwambie maalim, mwambie na kaka yangu Zaid. Siku yetu ya nikaha baba yako alinibana mkono hadi vidole vikafa ganzi, akawa haachi hata maalim alipomaliza. Sasa ni zamu yangu. Nitamshika Kassim mkono kwa nguvu zote za kwari hii ya mawe.

Nilisahau kukwambia mwezi uliopita kwamba jiwe liliteleza likanigonga ubavu wa kulia. Si jambo kubwa. Walinipeleka hospitali ya masista, huko Ruiru, wakanipiga ile picha ya kupakwa mafuta baridi tumboni kama mwanamke mjamzito. Hakuna ubavu uliovunjika. Nyapara amenitoa kwenye mtaimbo kwa muda, nahesabu mawe yanayopakiwa kwenye lori. Ni kazi ya waliosoma. Mimi niliishia darasa la sita, lakini mawe hayajui.

Msalimie Safaa. Mdogo wake Nadira mwambie meno yake mapya nataka kuyaona.

Mimi mumeo,
Idarous Wamukoya


Kiandutu
Jumatatu, 3 Juni 1996

Ndugu Musau,

Dereva Bedan atakupa karatasi hii. Usiisome mbele yake, mdomo wake hauna mlango. Tangu uhame chumba hiki uende kujenga huko Kiuu sina mtu wa kumwambia jambo.

Nilikwambia picha ilionyesha mbavu ziko sawa. Ni kweli. Lakini daktari, anaitwa Gachanja, aliteremka na kile kifaa chake chini ya mbavu, akasimama, akarudi, akasimama tena palepale. Akaniuliza kama nakunywa. Nikasema sijawahi. Akauliza tena, kama mtu anavyomhoji mwizi aliyekwisha kushikwa akiwa na kuku mkononi.

Kuna uvimbe kwenye ini langu. Upana wake sentimita mbili na nusu, kama kokwa la embe dogo. Walitoa kipande kwa sindano, kikaenda Nairobi, na majibu yamerudi. Ni kansa. Baadaye daktari aliniomba radhi kwa yale maswali ya pombe. Amesema nina ugonjwa wa ini uliokaa kwenye damu yangu pengine tangu utotoni, nami sikuujua.

Hapasui. Alijifunza Japani njia nyingine. Anaangalia kwenye kioo cha mashine, anapitisha sindano ndefu nyembamba katikati ya mbavu hadi kwenye uvimbe wenyewe, halafu anaingiza spiriti safi, taratibu. Spiriti inauchoma, unakufa ukiwa mle mle ndani. Mtu anaamka anakwenda zake, na alama nje ni kama ya kuumwa na kiroboto. Sindano ni sita, kila Alhamisi kuanzia tarehe 13. Amesema uvimbe ukiwa mdogo hivi dawa inauweza, ukikua haiuwezi. Na tarehe moja Agosti yeye anarudi Japani mwaka mzima, na hapa hajui mwingine anayeifanya.

Nimehesabu. Ya sita itakuwa tarehe 18 Julai. Safaa anaolewa tarehe 26. Nitawahi.

Masista hawamruhusu mtu kutoka peke yake baada ya sindano. Nakuomba uje unichukue, kutoka Kiuu hadi hapo si mbali. Na mke wangu asijue. Ukisema ini, watu wanasema pombe. Ukisema kansa, wanaanza kukata sanda. Ile harusi itakufa kabla yangu.

Idarous


Kiuu, Ruiru
Jumatano, 5 Juni 1996

Wewe Idarous,

Karatasi nimeisoma juu ya jukwaa la fundi, ghorofa ya pili, mahali ambapo Bedan hawezi kufika na tumbo lake.

Nimekunywa miaka kumi na sita. Mungu ananijua na mama pima anayeniuzia ananijua. Ini langu linafanya kazi kama punda wa kukodi na halijawahi kulalamika. Wewe wa chai ya maziwa, wewe unayesuuza kikombe mara mbili nikikishika mimi, ndiye uliyeshtakiwa na ini! Hakuna haki. Halafu dawa yenyewe ni pombe! Nilicheka hadi fundi akaniuliza nimeokota nini. Nikaacha kucheka.

Nitakuja kila Alhamisi. Nitamwambia fundi kwamba mjomba wangu ni mgonjwa. Nina wajomba wengi.

Lakini mwambie mke. Mimi nimemficha Nduku wangu mambo mawili tu maishani, na yote mawili aliyajua kabla yangu.

Musau


Mumias
Jumatatu, 24 Juni 1996

Baba Safaa,

Leo sitaanza na salamu ndefu.

Farouk amefika Jumamosi kwa msiba wa shangazi yake. Nimempa chai. Aliikoroga hadi ikapoa. Nikamwambia, Farouk, wewe ni fundi cherehani, huna kawaida ya kukosa maneno, sema.

Amesema Alhamisi saa kumi jioni alikukuta stendi ya Ruiru umeegemea bega la mtu mwembamba mwenye kofia ya kampuni ya bia. Alikupa mkono. Wewe ukamkumbatia. Wewe, ambaye hata siku ya Idi unampa mtu ncha za vidole. Ukamwambia kwamba yeye ni fundi hodari lakini suruali zake zote zinabana mahali pa kukalia. Mkacheka wewe na yule mwenzako. Amesema pumzi yako ilinuka pombe, na nguo zako zilinuka zaidi.

Ningeweza kubisha yote. Lakini ile ya suruali uliniambia mimi, chumbani, mwaka juzi, ukanikataza nisimwambie mtu kwa sababu Farouk ana moyo mwepesi. Hungeisema mbele yake ukiwa na akili zako.

Hajamwambia mtu mwingine isipokuwa kaka yako. Na Zaid akijua, msikiti umejua.

Watu wa bekari wanaleta wazee Jumapili kupanga mambo ya nikaha. Niandikie neno moja tu nijue nasimama wapi. Unakunywa au hunywi?

Amida


Kiandutu, Thika
Jumamosi, 29 Juni 1996

Mama Safaa,

Sinywi.

Umetaka neno moja, ndilo hilo. Wallahi pombe haijapita kooni mwangu, Alhamisi ile wala siku nyingine yoyote. Niko tayari kushika msahafu mbele ya maalim.

Farouk si mwongo. Tulikutana, na ile ya suruali niliisema, na nimejuta. Nilikuwa nimechoka na jua lilikuwa kali. Yule aliyenishika ni Musau, Mkamba niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja. Yeye hunywa, hafichi. Pengine ndiye aliyenuka.

Ubavu bado unaniuma kidogo, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Waambie watu wa bekari baba yupo na anakuja.

Idarous


Mumias
Jumatatu, 1 Julai 1996

Baba Safaa,

Barua imefika na basi la asubuhi. Nilikuamini hadi nilipofika kwenye "pengine". Mtu mwenye haki hana haja ya neno hilo.

Jana wazee wa bekari walikuwa hapa. Walikula, wakasifu pilau, halafu mmoja akauliza kwa adabu kama baba wa binti yuko salama huko kazini. Kwa adabu hiyo nikajua habari imewafikia.

Maalim aliulizwa, akajibu kama alivyosoma. Walii anayemwozesha binti akiwa mlevi ni fasiki. Fasiki hashiki mkono wa bwana harusi. Babu hayupo, kaka Safaa hana, kwa hiyo ni ami yake, Zaid. Zaid amekwisha kununua kofia.

Amesema hata hivyo hataki kumdhulumu ndugu yake. Anakuja kukuona kwa macho yake Alhamisi hii, kwa sababu ni Alhamisi Farouk alipokukuta. Hatabisha hodi. Mimi sikupaswa kukwambia. Nakwambia ili akute mtu yule aliyenioa, kama bado yupo hapo.

Nampa kondakta wa basi barua hii aifikishe kwa fundi jirani yake Farouk. Uipate kesho kutwa.

Amida


Kiandutu
Ijumaa, 5 Julai 1996

Ndugu Musau,

Najua jana ulingoja kwenye benchi la masista. Nisamehe. Bedan nilimkosa, sikuwa na njia ya kukwambia.

Sikuja kwa sababu Zaid alikuwa anakuja. Unajua ninavyotoka mle ndani. Spiriti inaingia kwenye ini, inapanda hadi kwenye pumzi, miguu inakuwa ya mtu mwingine na mdomo unakuwa wa mtu mwingine. Zaid angenikuta hivyo, ningekuwa nimempoteza Safaa kwa mkono wangu. Nikaona sindano moja inaweza kungoja.

Alifika saa nane mchana. Alinikumbatia muda mrefu kuliko siku tuliyomzika baba. Alikuwa ananusa. Akaangalia chini ya kitanda, akakuta ndoo na ndala zako za zamani. Akakaa. Nikampikia chai. Alipomaliza kikombe cha pili akasema, "Leo umejipanga."

Nikasema, "Mtu anajipangaje kwa mgeni asiyetangazwa?"

Akasema, "Chumba kimefagiliwa hadi pembeni. Umeazima kikombe cha pili kwa jirani, kina jina lake. Amida amekwambia."

Nikasuuza vikombe. Ameondoka asubuhi hii. Hakuninusa kitu na hakuniamini kitu. Yeye ndiye atakayemwozesha Safaa, amenipa mkono akasema nisijali, atafanya vizuri.

Kwa hiyo nimekosa sindano bure.

Idarous


Kiuu
Jumapili, 7 Julai 1996

Wewe,

Nilingoja saa tatu nzima. Sista alinipa chai mara mbili na kijikaratasi kimoja cha kuacha ulevi. Mwishoni Daktari Gachanja akatoka mwenyewe akaniita. Sasa nakupa maneno yake jinsi alivyoyasema, na usinilaumu, mimi si daktari.

Amesema sindano tatu zimeua katikati ya ule uvimbe. Pembeni bado ni pazima, na uvimbe hukua kutoka pembeni. Amesema, "Mwambie hii si dawa ya kikohozi ya kunywa ukikumbuka." Zilizobaki ni tarehe 11, 18 na 25, halafu yeye anafunga mizigo. Ukikosa nyingine hana ya kukuongezea.

Tarehe 25. Piga hesabu zako za mawe. Ni siku moja kabla ya nikaha, na baada ya hiyo ya mwisho, tofauti na hizi nyingine, lazima ulale pale usiku kucha uangaliwe. Mumias huwahi, hata ukipewa ndege.

Tena ameniuliza, mkewe na watoto wamepimwa damu? Nikasema sijui. Akasema alikwambia siku ya kwanza, na akakwambia siku ya pili, kwa sababu ule ugonjwa wako unaambukiza watu wa nyumba moja. Ukaitikia kwa kichwa. Idarous, mimi ni mlevi. Lakini ningejua kwamba Nduku yuko hatarini, ningelala njiani nikienda kumwambia.

Siri hii uliyoniazima ni nzito, na si yangu.

Musau


Kiuu, Ruiru
Jumapili, 7 Julai 1996

Shemeji Mama Safaa,

Hunijui. Mimi ndiye mtu mwembamba mwenye kofia ya kampuni ya bia. Anwani yako ilikuwa nyuma ya bahasha zako zote miaka miwili niliyokaa na mume wako.

Pombe naijua, kwa hiyo nisikilize. Mume wako hanywi. Siku ya kwanza tulipokutana nilimtengea ya kwangu kwa heshima, akaimwaga kwenye mche wa pilipili. Ule mche ulikufa.

Ana kansa kwenye ini. Ni ndogo. Iligunduliwa jiwe lilipompiga, la sivyo hakuna ambaye angejua. Kila Alhamisi daktari wa hospitali ya masista anamchoma sindano ndefu katikati ya mbavu na kutia spiriti ndani ya ile kansa iungue. Mimi husimama mlangoni. Huambiwa avute pumzi aishike, naye huishika, na machozi yanashuka hadi masikioni kwa sababu amelala chali. Halafu spiriti inaingia kwenye damu na anakuwa kama sisi wengine. Siku ile ya Farouk alikuwa na sindano ya pili. Aliyosema kuhusu suruali ni kweli, nimeziona.

Alhamisi iliyopita hakwenda, na sasa ya sita, ya mwisho, imesogea hadi tarehe 25. Alitaka shemeji Zaid amkute hanuki. Ameruka dawa ili aonekane mzima, nawe unaona hesabu hiyo ilivyo.

Amekuficha kwa sababu aliogopa harusi itavunjika. Na kuna jambo kubwa zaidi alilokuficha. Daktari amesema wewe na watoto mpimwe damu, ugonjwa wa ini. Uliza hospitali iliyo karibu nawe, wataelewa. Usingoje yeye akwambie.

Najua atakasirika. Akitaka anirudishie ndala zangu.

Musau


Mumias
Jumatatu, 15 Julai 1996

Baba Safaa,

Musau ameniandikia. Usimlaumu. Ukimlaumu nitakuja Kiandutu mwenyewe.

Niliisoma barua yake jikoni, nimesimama. Safaa akauliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia bado hatujajua. Halafu nikavaa buibui nikaenda na binti zako wote wawili hospitali ya misheni, tukatolewa damu. Nadira alimng'ata muuguzi. Damu imepelekwa Kisumu.

Kutoka hapo nikaenda kwa maalim. Nilimsomea barua yote, hata pale penye pilipili. Akaniuliza maswali kama wakili. Nani ameamuru hiyo spiriti? Nikasema daktari. Inaingia kwa mdomo? Nikasema kwa ubavu. Kuna dawa nyingine? Nikasema hospitali ya misheni wameniambia ni kupasuliwa tumbo, na huenda asiamke. Akafungua kitabu, akafunga, akafungua kingine hadi alasiri ikaadhiniwa. Akasema kwanza, huko si kunywa. Pili, aliyelazimika hana dhambi. Tatu, walii wa Safaa ni baba yake, na aliyesema vingine alisema bila kuuliza. Hapo alikuwa anajisema mwenyewe, nikainamisha kichwa.

Halafu nikaenda bekari. Sikutaka wasikie kwa mtu. Nikamwambia Mama Kassim kila kitu, na kwamba Safaa amepimwa na majibu yakija atayaona kabla ya nikaha, na akitaka kurudi nyuma simlaumu. Akanifungia mkate. Akasema, "Mzee wangu ana ugonjwa wa sukari miaka tisa na bado tunaoka keki. Nani asiye na mgonjwa?"

Harusi uliyokuwa unailinda ilikuwa na miguu yake yenyewe. Ungeniuliza ningekwambia.

Zaid amekuja jioni. Alikaa. Hakusema pole, unamjua. Amepasua kuni zangu zote, hata zile mbichi.

Sasa sikia. Sindano ya mwisho ni Alhamisi tarehe 25. Nikaha ni Ijumaa tarehe 26. Najua unafikiri nini, kwa sababu umekwisha kufanya mara moja. Usije. Nikikuona hapa Ijumaa sitafungua mlango. Kuahirisha hatuwezi, Kassim anaripoti kazini Mombasa Jumatatu. Maalim amesema baba aliye mbali anaweza kuandika wakala, amchague Muislamu mmoja amshike kijana mkono kwa niaba yake. Uandike, mashahidi wawili watie sahihi, utafika.

Miaka kumi na tisa nimekufulia nguo. Najua kila doa limetoka wapi. Ukaona siri ya mwili wako umpe mtu wa kofia, mimi unipe "pengine". Hilo bado sijamaliza nalo. Pona kwanza.

Amida


Kiandutu, Thika
Ijumaa, 19 Julai 1996

Mama Safaa,

Sina la kujitetea. Ile ya damu yenu ndiyo mbaya zaidi. Kila jioni nilisema nitaandika kesho. Niliogopa kwamba nikiiandika itakuwa kweli. Nimebeba mawe miaka kumi na moja, lakini kalamu ndiyo iliyonishinda.

Jana ilikuwa sindano ya tano. Nilimpitia Farouk kibandani kwake nikamwambia funga cherehani, twende ukanuse vizuri. Alisimama mlangoni na Musau. Sindano ilipoingia alikaa chini sakafuni, akawa mgonjwa wa pili. Sista alimpa chai yenye sukari nyingi. Tulitoka watatu, mimi nimelewa spiriti, Farouk amelewa woga, na Musau ambaye ndiye mlevi akiwa katikati ametushika wote wawili. Pale stendi Farouk aliniambia, "Nilisema nilichonusa." Nikamwambia najua. Aliyokwambia hakuyaongezea hata tone.

Kwa hiyo wa kumshika Kassim mkono nimemchagua yeye, si Zaid. Zaid alinunua kofia mapema mno.

Farouk anasafiri kesho. Atakuletea begi. Ndani mna glasi sita za Safaa. Nimezifunga kwa fulana yangu zisivunjike. Wakala ni huu hapa. Imamu wa hapa Majengo amenisaidia maneno.

"Mimi, Idarous bin Wamukoya, baba na walii wa Safaa, nikiwa na akili zangu timamu, bila kulazimishwa, namwakilisha Farouk, fundi cherehani, mwenyeji wa Mumias akaaye Thika, amwozeshe binti yangu Safaa kwa Kassim bin Opati, kwa mahari waliyokubaliana na kwa ridhaa yake binti. Mkono wake ni mkono wangu. Sababu ya kutofika ni ugonjwa, na sababu hiyo isifichwe kwa mtu.

Idarous bin Wamukoya
Shahidi: Ramadhani Muasya
Shahidi: Shaban Mutie"

Musau alikuwapo. Imamu alimweleza kwa upole kwamba shahidi lazima awe Muislamu. Akasema ameelewa, akaomba kalamu hata hivyo. Hayo maneno ya chini kabisa ni yake, usiyafute.

"Mimi Musau si shahidi wa nikaha, wamenikataza. Ni shahidi wa sindano. Nimeona tano."

Idarous


Mumias
Jumapili, 28 Julai 1996

Baba Safaa,

Safaa ameolewa.

Majibu ya Kisumu yalikuja Jumatano. Mimi sina. Safaa hana. Nadira anao. Daktari wa misheni amesema sasa hivi haujamdhuru kitu, lakini ini lake lipigwe picha kila mwaka bila kukosa. Nitampeleka kila mwaka bila kukosa. Nilikaa na karatasi hiyo usiku mmoja bila kumwambia mtu, na hapo nikakuelewa kidogo. Kidogo tu. Asubuhi nilimwambia Zaid, na yeye ndiye aliyembeba Nadira mabegani kwenda harusini. Kofia alimvika Nadira.

Maalim aliusoma wakala kwa sauti mbele ya wanaume wote, hata pale penye ugonjwa. Hakuna aliyekohoa. Farouk alimshika Kassim mkono. Kwa woga alibana hadi kijana akakunja uso, na sisi wanawake nyuma ya pazia tukasema hapo baba yake amefika.

Maalim alipofika chini kabisa akasita. Akauliza, "Huyu Musau ni nani?"

Mwanamke hazungumzi pale, lakini nilisema kutoka nyuma ya pazia, "Ndiye mlevi."

Walicheka hadi wazee wa bekari. Maalim akangoja wamalize, akalisoma jina lake pamoja na mengine.

Sindano ya sita sijui ilikwendaje. Niandikie jinsi ilivyo, usinipikie. Ukiruhusiwa kusafiri, uje.

Glasi zimefika zote sita. Fulana nimeinusa. Inanuka spiriti, kama Farouk alivyosema. Sijaifua.

Amida